Gari la Zamani kwa Kupenda: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kukagua na Kutunza Gari Lisilounganishwa

Gari jipya la leo unalilipia, unakabidhiwa ufunguo, na bado mtengenezaji anabaki na mkono wake ndani. Kuna laini ya simu iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kuna programu inayoweza kubadilishwa usiku wewe ukiwa umelala, na kuna vitu vilivyofungwa kiwandani ambavyo ni sehemu ya gari lako lakini havifanyi kazi mpaka ulipie. Mwaka 2022 BMW iliuza joto la viti kwa malipo ya kila mwezi katika baadhi ya nchi. Vipashio na waya vilikuwa tayari ndani ya kiti. Kilichouzwa ni ruhusa ya kuviwasha. Wateja walikasirika, na mwaka uliofuata kampuni ikaacha. Mwaka huohuo wa 2022 Mercedes-Benz ilitangaza Marekani kwamba wenye magari yake ya umeme ya EQE na EQS wangeweza kulipa dola 1,200 kwa mwaka ili gari liondoke kwa kasi zaidi. Mota ni ileile.

Halafu kuna suala la kuchunguzwa. Septemba 2023 taasisi ya Mozilla ilipitia sera za faragha za chapa 25 za magari, na hakuna hata moja iliyofaulu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliituhumu General Motors kwamba ilikusanya na kuuza taarifa za mahali madereva walipo na namna wanavyoendesha, wakati mwingine kila baada ya sekunde 3, bila ridhaa yao ya wazi. Taarifa za aina hiyo ziliishia mikononi mwa kampuni zinazouzia data mashirika ya bima.

Mimi nimechagua upande wa pili, na ninaendesha gari la zamani kwa kupenda, si kwa kukosa. Nashikilia jambo moja: gari ni la mwenye nalo pale tu ambapo kila kinachoharibika kinaweza kutafutwa, kufunguliwa na kutengenezwa bila kuomba ruhusa kiwandani. Uzee peke yake si sifa. Kuna magari ya zamani ambayo ni mizigo, na mwongozo huu unahusu namna ya kuyakwepa hayo na kumpata yule mzee mwenye nguvu zake.

Hatua ya 1: Jua hasa unachokikimbia

Watu husema "sitaki gari la kompyuta" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na kila moja lina mpaka wake wa miaka.

La kwanza ni kuunganishwa: gari linalotuma na kupokea habari kupitia mtandao wa simu. Kama hilo ndilo linalokukera, huna haja ya kurudi nyuma sana. Magari mengi ya kawaida ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 hayana laini ya simu kabisa. Ulaya ndiko mpaka ulipo wazi zaidi: tangu tarehe 31 Machi 2018 kila modeli mpya ya gari dogo lazima iwe na eCall, mfumo unaopiga simu ya dharura wenyewe baada ya ajali, na mfumo huo hauwezi kufanya kazi bila laini. Ukiona kitufe cha SOS karibu na taa ya darini, au muuzaji akikwambia gari lina programu ya simu ya kufungulia milango, ujue limeunganishwa. Antena fupi yenye umbo la pezi la papa si ushahidi wa kutosha, maana mara nyingi ni ya redio tu.

La pili ni malipo ya kudumu. Haya hayawezi kuwepo bila la kwanza, kwa hiyo ukikata laini umeyakata pia.

La tatu ndilo zito, nalo ni kufungwa kwa matengenezo. Katika magari mengi ya kisasa, kifaa kipya hakikubaliki mpaka kitambulishwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine ya mtengenezaji. Kuna mengine ambayo hata betri mpya lazima isajiliwe ili mfumo wa kuchaji ujue umri wake. Ukitaka kutoka kabisa kwenye hali hii, rudi nyuma zaidi, mpaka kabla ya mwaka 2008 hivi kwa magari ya kawaida, na mapema zaidi kwa magari ya kifahari, ambayo ndiyo hujaribiwa teknolojia kwanza.

Kipimo changu cha haraka ni swali moja: kioo cha kugusa cha katikati ya dashibodi kikizima, gari linabaki gari? Mwaka 2021 Tesla ilirudisha kwa marekebisho magari takriban 135,000 ya Model S na Model X kwa sababu chipu ya kumbukumbu ya GB 8 ilichakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Chipu ikifa, kioo kinazima, na pamoja nacho kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Kwenye gari lenye nobu tatu za kuzungusha, ukungu unaondolewa na feni, na feni ina fiusi yake.

Pia gari la kisasa hutegemea vitu vilivyo nje yake. Februari 2022 kampuni ya simu ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G Marekani, na magari mengi yaliyokuwa mazima kabisa yakapoteza huduma zake za dharura na za programu. Hakuna aliyeyagusa.

Hatua ya 2: Chagua kipindi, usichague modeli kwanza

Wapya katika jambo hili hukimbilia magari ya miaka ya 1970 na 1980 kwa sababu yanapendeza. Mercedes W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1985 kwa idadi inayokaribia milioni 2.7, ni gari zuri mno. Lakini gari la matumizi ya kila siku lenye kabureta linadai mmiliki anayejua kabureta, au fundi anayeijua, na mafundi hao wanazidi kupungua. Kabureta huziba, huchagua hali ya hewa, na hula mafuta mengi kuliko inavyostahili.

Ushauri wangu ni kipindi cha kati ya 1996 na 2007 hivi. Hapo unapata mfumo wa kupuliza petroli kwa nozeli unaoongozwa na kompyuta moja ndogo, sensa chache, ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na mifuko ya hewa katika magari mengi, na bado hakuna laini ya simu. Kompyuta hiyo usiiogope. Haimjui mtengenezaji wala haina njia ya kumfikia. Kazi yake ni kupima hewa na joto na kuamua nozeli ifunguke kwa muda gani.

Zaidi ya hapo, kipindi hicho kilileta soketi ya uchunguzi ya OBD-II. Ilikuwa lazima Marekani kuanzia modeli za 1996, na Ulaya kuanzia 2001 kwa magari madogo ya petroli na 2004 kwa ya dizeli. Maana yake ni kwamba kifaa kidogo cha bei nafuu, kisichotoka kwa mtengenezaji, kinasoma kosa lililowasha taa ya injini. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka hiyo huenda yana soketi yenye umbo lilelile lakini yanazungumza lugha nyingine, kwa hiyo jaribu mashine kwenye gari lenyewe kabla ya kuitegemea.

Kabla hujapenda chochote, soma sheria za mahali unapoishi. Miji mingine hutoza au kuzuia magari kwa kiwango cha moshi: katika eneo la ULEZ la London, kwa mfano, gari la petroli lazima lifikie Euro 4 na la dizeli Euro 6. Na nchi nyingine zina ukomo wa umri kwa magari yanayoingizwa. Hili ni la kuulizwa siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Usifanye mzaha na usalama

Hapa sina maneno ya kupamba. Gari la 1998 halimlindi mtu kama gari la 2020. Bodi za sasa zina vyuma vigumu zaidi na zimebuniwa kwa majaribio makali ya kugongwa. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ESC, ambao hushika breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuponyoka, umeokoa watu wengi sana. Ulikuwa lazima Marekani kwa magari yote mapya ya modeli ya 2012, na Ulaya kuanzia Novemba 2014, lakini ulikuwepo kwenye baadhi ya magari tangu 1995. Kwa hiyo kati ya magari mawili yanayolingana, chukua lenye ESC na mifuko ya hewa, hata kama ni jipya kidogo kuliko ulivyotaka. ESC haihitaji intaneti.

Kiwango cha chini kabisa ninachokubali kwa gari linalobeba familia: mikanda ya pointi tatu kwenye kila kiti kinachokaliwa, ABS, na mifuko ya hewa miwili ya mbele.

Na mifuko hiyo ina hatari yake ambayo mnunuzi wa gari la zamani lazima aijue. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya chapa nyingi, hasa ya miaka ya 2000 mpaka 2015, ilitumia baruti ya amonia naitreti. Baruti hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha siku ya ajali hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Makumi ya watu wameuawa duniani. Marekani peke yake viliitwa kurudishwa vilipuzi takriban milioni 67. Kwa hiyo chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, na uone kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Kazi hiyo hufanywa bure na wakala wa chapa hiyo. Usiliendeshe kabla haijafanyika.

Hatua ya 4: Injini na giaboksi

Tafuta injini iliyotengenezwa kwa wingi, kwa miaka mingi, ikafungwa kwenye modeli nyingi. Spea hufuata wingi. 1NZ-FE ya Toyota ni mfano mzuri: lita 1.5, cheni badala ya mkanda wa taimingi, na ilifungwa kwenye magari mengi madogo ya kampuni hiyo. 5A-FE iliyoitangulia ina mkanda, lakini mkanda ukikatika pistoni hazigongi valvu. Unavutwa mpaka gereji, unafungiwa mkanda mpya, unaondoka. Injini nyingi haziko hivyo. Mkanda ukikatika zinapinda valvu zote, na unaanza mazungumzo ya ovahoo. Kwa hiyo uliza mambo mawili kuhusu injini yoyote: ina cheni au mkanda, na mkanda ukikatika kinatokea nini?

Kwa dizeli, pampu ya zamani ya kimakanika ndiyo rafiki. 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, ikishawaka inahitaji umeme mdogo sana kuendelea kunguruma. Dizeli za komoni reli zilizofuata zinasukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na nozeli zake hazisamehi mafuta machafu. Na dizeli zenye chujio la masizi kwenye ekzosi zitakusumbua ukiendesha safari fupifupi tu, maana chujio linahitaji joto la safari ndefu ili lijisafishe.

Za kuepuka: injini za mwanzo za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama GDI ya Mitsubishi na D-4 ya Toyota za mwishoni mwa miaka ya 1990. Kaboni hujaa kwenye njia za hewa na kwenye valvu, na pampu yake ya shinikizo kubwa ni ghali. Epuka pia giaboksi za mwanzo za CVT (otomatiki zinazotumia mkanda na puli badala ya gia) zisizo na historia ya kubadilishwa oili. Gia za mkono ndizo rahisi zaidi kutengeneza. Otomatiki ya kawaida ya spidi nne nayo ni imara ikitunzwa.

Hatua ya 5: Ukaguzi

Hapa ndipo pesa huokolewa au hupotea, kwa hiyo usiharakishwe. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari la baridi, halijawashwa tangu jana yake. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, kuna kitu ambacho hakutaka ukione likiwashwa, na una haki ya kuomba kurudi siku nyingine.

Anza na maji. Gari likiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Maji ya kupoza injini yanatakiwa yawe na rangi safi, ya kijani, nyekundu au buluu kutegemea aina. Ukikuta maji matupu yenye rangi ya kutu, mwenyewe amekuwa akijaza bombani, na njia za ndani ya injini zimeanza kuliwa. Ukikuta utando wa mafuta ukielea, gasketi ya silinda hedi inatia shaka. Pitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta: tope laini la kahawia linakueleza miaka ya uzembe kuliko kitabu chochote cha servisi. Kisha bonyeza mipira ya maji. Mzima ni mgumu kiasi na unarudi. Uliokufa ni laini kama uliolowa, au umekauka na kutoa milio ya nyufa ndogo.

Vuta dipstiki. Oili nyeusi si tatizo lenyewe, hasa kwa dizeli. Oili yenye rangi ya kahawa ya maziwa ni tatizo kubwa, maana imechanganyika na maji. Fungua mfuniko wa kujazia oili na uangalie chini yake kwa tochi: utando mgumu mweusi maana yake oili haikubadilishwa kwa wakati.

Sasa mwombe mtu awashe wewe ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa buluu kidogo wakati wa kuwaka, kisha unaisha, mara nyingi ni sili za valvu zilizochoka. Unaweza kuishi nao. Moshi wa buluu unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni, na hapo ama bei ishuke sana ama uondoke. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji yanayoungua. Mweusi kwenye petroli ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi dawa yake ni sensa au chujio la hewa.

Rudi mbele, injini ikinguruma. Legeza mfuniko wa oili na uuache umekaa juu ya tundu lake. Ukitikisika kidogo, sawa. Ukirushwa na upepo kutoka ndani, mgandamizo unavuja kupita ringi. Baada ya hapo mlipe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Namba yenyewe hutofautiana kwa injini, nyingi za petroli zikiwa kati ya bar 10 na 13, lakini jambo la kutazama ni tofauti: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna ugonjwa.

Acha linguruma mpaka mshale wa joto ufike katikati na feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe. Watu huchoka kusubiri hatua hii. Subiri. Gari linalochemsha halichemshi dakika tano za kwanza.

Kutu nailinganisha na ugonjwa wa mifupa: injini hubadilishwa, bodi haibadilishwi. Ingia chini ya gari likiwa limeinuliwa kwa stendi, si kwa jeki peke yake. Gonga kwa kipini cha bisibisi kwenye vizingiti chini ya milango, ndani ya matao ya magurudumu, sakafu chini ya mazulia, na hasa pale shokapu na mikono ya magurudumu inaposhika bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, au bisibisi inaingia. Kutu ya juu juu kwenye ekzosi haina maana. Kutu kwenye maungio ya kubebea magurudumu ni sababu ya kuondoka, hata kama rangi ya juu inang'aa. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye milango na fenda: inapoacha kushika, chini ya rangi kuna puti.

Mwishowe endesha. Breki ya ghafla mahali salama: gari likivuta upande mmoja, kuna kipistoni cha breki kilichokwama au tairi lenye kasoro. Kata kona yote taratibu kwa kila upande na usikilize mlio wa ta-ta-ta wa jointi za ekseli. Pita kwenye matuta. Kila kishindo ni bushi, boljointi au stabilaiza, na hivi vyote ni vya bei nafuu, kwa hiyo visikutie hofu. Kwa otomatiki, ingiza R na D ukiwa umesimama: mshtuko mkali au kuchelewa zaidi ya sekunde moja au mbili ni onyo.

Soma tarehe za matairi. Tangu mwaka 2000 namba nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye miaka zaidi ya kumi ni la kutupa.

Washa swichi bila kuwasha injini, na uangalie dashibodi. Taa ya injini, ABS na mfuko wa hewa lazima ziwake, kisha zote ziwe zimezima injini ikishawashwa. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa balbu ili isikusemee.

Hatua ya 6: Hati

Hapa ni kwa ufupi. Namba ya chesisi iliyo kwenye bodi, kwenye kibati na kwenye hati zifanane herufi kwa herufi. Namba ya injini ilingane au mabadiliko yawe yameandikwa. Kilomita zilinganishwe na uchakavu wa usukani, pedali na kiti cha dereva. Pedali ya klachi iliyoliwa mpaka chuma haikai kwenye gari la kilomita 60,000.

Hatua ya 7: Servisi ya kuanzia, bila kuamini maneno ya mtu

Tenga kabla ya kununua fungu la pesa kwa kazi hii. Hata muuzaji akiwa mwaminifu, wewe hujui nini kilifanyika lini, na njia pekee ya kujua ni kufanya mwenyewe na kuandika.

Badilisha oili ya injini na filta yake, chujio la hewa, chujio la mafuta, plagi, na maji yote ya kupoza pamoja na termostati na mfuniko wa rejeta. Kama injini ina mkanda wa taimingi na hakuna risiti, ubadilishe wiki hiyohiyo pamoja na pampu ya maji na rola zake. Mikanda mingi hupewa kilomita 100,000, lakini raba huzeeka hata gari likilala, kwa hiyo kilomita chache zisikudanganye.

Mafuta ya breki husahauliwa kuliko vyote. Hufyonza unyevu kutoka hewani. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishafyonza maji, kiwango kinachokubalika hushuka mpaka 155. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mafuta ya zamani yanachemka, mapovu yanaingia kwenye mabomba, na pedali inazama sakafuni. Yabadilishe sasa, kisha kila miaka miwili. Kagua na mipira ya breki iliyo kwenye magurudumu. Ikiwa na nyufa, iondoke.

Badilisha mipira ya petroli iliyokauka. Gari la zamani halifi kwa moto kwa sababu ni la zamani, linakufa kwa mpira uliopasuka juu ya ekzosi. Kama petroli inayouzwa unapoishi ina ethanoli, hili ni la lazima zaidi, kwa sababu raba za zamani hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Oili ya giaboksi na difu nazo ziwe mpya. Kwa otomatiki, fungua na ujaze, kisha urudie baada ya kilomita kadhaa. Usikubali kusafishwa kwa mashine ya shinikizo kwenye giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa oili.

Kisha umeme. Nunua multimita, itakulipa haraka kuliko chombo kingine chochote. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi, injini ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, altaneta ina kasoro au mkanda unateleza. Ondoa waya za betri na zile za kushuka kwenye bodi, zisugue mpaka chuma king'ae, zirudishe kwa nguvu. Magonjwa mengi ya ajabu ya gari la zamani, taa zinazofifia, stata inayosita, mshale unaocheza, huishia kwenye muungano mmoja wenye kutu.

Hatua ya 8: Kitabu, spea na fundi

Tafuta kitabu cha warsha cha modeli yako, kile cha mafundi chenye michoro ya waya na vipimo vya kukaza nati, si kile cha mmiliki. Ukiwa nacho, fundi yeyote mwenye akili anaweza kufanya kazi ambayo hajawahi kuifanya.

Weka nyumbani vitu ambavyo siku moja vitakosekana madukani: sensa ya krenki, rilei ya pampu ya mafuta, koili, pampu ya petroli, seti ya sili za milango. Weka ndani ya gari fiusi za kila saizi, mkanda wa altaneta, mipira miwili ya maji na klipu zake, na lita mbili za maji ya kupoza. Spea asilia za mtengenezaji zina thamani kwenye vitu vya umeme na taimingi. Kwenye pedi na vichujio, chapa nzuri ya pembeni inatosha.

Kuhusu fundi, usimchague kwa maneno. Mpelekee kazi ndogo kwanza, na uangalie kama anakuonyesha kifaa cha zamani alichokitoa, na kama anapima kabla ya kubadilisha. Anayebadilisha vifaa kimoja kimoja mpaka ugonjwa uondoke anajifunzia kwa pesa zako.

Halafu daftari. Tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, namba ya spea. Kila Jumamosi, au siku yoyote unayoipenda, angalia oili, maji, mafuta ya breki, upepo wa matairi, na doa chini ya gari. Hii ni kazi fupi, nayo ndiyo inayofanya magari ya aina hii yadumu kizazi hadi kizazi.

Redio, ramani na simu

Hukosi kitu. Redio nyingi za miaka hiyo zilikaa kwenye tundu la kipimo cha kimataifa, upana wa milimita 180 na kimo cha 50, au kimo maradufu. Toa ya zamani, weka mpya yenye bluetooth, rudisha ya zamani siku utakayoliuza. Ramani zikae kwenye simu, kwenye kishikilio imara, zikiwa zimepakuliwa mapema ili zifanye kazi bila mtandao. Simu ikipitwa na wakati, unabadilisha simu, gari halihusiki. Kamera ya nyuma nayo hufungwa na fundi umeme yeyote kwenye waya wa taa ya rivasi.

Kama tayari una gari lililounganishwa

Si lazima uliuze kesho. Ingia kwenye mipangilio ya gari na ya programu ya simu, uzime kila ruhusa ya kushirikisha taarifa za uendeshaji, hasa zinazoitwa alama za dereva au punguzo la bima. Mwandikie mtengenezaji ukiomba nakala ya taarifa alizonazo. Ulaya ana wajibu wa kisheria wa kukupa. Usichomoe laini kwa kubahatisha, kwa sababu kwenye baadhi ya magari kifaa hichohicho ndicho kinachobeba simu ya dharura na maikrofoni. Muulize kwanza fundi umeme mwenye mchoro wa waya.

Usiunganishe simu yako na gari la kukodi. Likiwa lako na ukaamua kuliuza, futa majina, ujumbe na anwani za nyumbani kutoka kwenye mfumo, rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha ufunge akaunti yenyewe kwa mtengenezaji. Kufuta kwenye kioo hakutoshi, kwa sababu akaunti inakaa kwenye seva. Na ukinunua la namna hiyo mkononi mwa mtu, sharti lako kabla ya kulipa liwe kwamba afunge akaunti yake mbele yako, kwa kuwa akibaki nayo anaweza kuona gari lilipo na kulifungua milango.